UZI: Kanisa la magogo la Greensted, ukuta umekaribia miaka elfu. Mafundi seremala mpite hapa

Randa Kavu:

Wakuu, mimi humu ni msomaji zaidi ya mwandishi, lakini hili limenishinda kulinyamazia.

Kazi yangu ni useremala. Nilifundishwa na mjomba wangu Muheza, chini ya mwembe, benchi la mninga na randa mbili, moja mbovu. Siku hizi niko Essex huku Uingereza, kwenye karakana ya milango na ngazi. Jumamosi iliyopita nilipanda treni ya London mpaka inapoishia, Epping, nikashusha baiskeli nikashika njia kuelekea mji mdogo wa Chipping Ongar. Jirani na Ongar, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu, kuna kijiji kinaitwa Greensted. Ukipiga chafya umeshakipita. Nyumba chache, mashamba, miti mikubwa, na kanisa.

Kanisa lenyewe ni dogo kuliko sebule za baadhi ya wakuu humu ndani. Sehemu wanayokaa waumini ina urefu wa kama mita 9, na upana wa kama mita 5. Kuta za pembeni zimefika kimo cha mtu, basi. Paa la vigae limeteremka chini kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Mbele kuna mnara wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, na juu yake kilele kilichochongoka. Upande wa altare ni matofali mekundu. Ukilitazama kutoka getini unadhani mafundi watatu walipewa kazi moja bila kukutanishwa. Na kweli hawakukutana, wamepishana kwa mamia ya miaka.

Sasa ukuta. Ukuta wa pale walipo waumini ni magogo ya mwaloni. Jina la mti huu mmelisikia kwenye Biblia, mialoni ya Mamre alikopiga hema Ibrahimu. Magogo yamepasuliwa kati, yakasimamishwa wima bega kwa bega, upande wa mviringo ukatazama nje na upande bapa ukatazama ndani. Kwa mbali unaona kama uzio wa boma la ng'ombe. Ukisogea unaona yamekuwa ya kijivu, yamepasukapasuka kwa jua na mvua, yana mikunjo kama shingo ya kobe. Vipande 51 vilihesabiwa wataalamu walipokuja kupima umri. Hakuna kilichonyooka sawasawa na mwenzake.

Ndani ndiko kulikonimaliza. Kwenye uso bapa alama za tezo zipo. Unaona pale jamaa alipopiga, akainua, akapiga tena, na pale alipokutana na fundo akabadili upande. Nimeshika tezo tangu nina miaka kumi na mbili. Nilijua mkono ule unafanya nini.

Nakuja kuendelea, niko kazini.

Bisha Hodi:

Mkuu umetuacha njiani. Miaka elfu ni mbao gani hiyo? Kwangu Kimara nguzo ya banda la kuku haijamaliza miaka miwili mchwa wameifanya unga.

Kitunguu Maji:

Nimekaa pale 👉🏾 Tupia na picha.

Randa Kavu:

Picha zinagoma kupanda, simu yangu nayo ni mzee wa kanisa. Nitajaribu usiku.

Bisha Hodi, swali lako ni la msingi. Jibu la kwanza, Uingereza haina mchwa wetu. Nusu ya miujiza ya majengo ya mbao huku Ulaya ni hiyo tu, na wenyewe huwa hawaitaji kwa sababu hawamjui mchwa. Wana mdudu wao anayetoboa mwaloni wa zamani, anagonga ndani ya mbao tik tik tik usiku, na wana kuvu anayeozesha mbao zenye unyevu. Lakini hao ni wapole. Mchwa wa Kimara anakula mlango huku umeufunga.

Jibu la pili ni mbao yenyewe. Kiini cha mwaloni kina ukali ndani yake, ule ule unaotumika kulainishia ngozi, na wadudu hawaupendi. Ukipigilia msumari wa chuma kwenye mwaloni mbichi, baada ya muda unaona doa jeusi linatiririka, chuma kinaliwa. Ndiyo maana mafundi wa zamani walipigilia vigingi vya mbao. Na mwaloni ulichongwa mbichi kwa sababu ukikauka unakuwa jiwe.

Jibu la tatu ndilo ninalolipenda. Hawakupasua kwa msumeno, walitumia kabari. Msumeno hauulizi mti umeelekea wapi, unakata tu nyuzi katikati, na kila uzi uliokatwa ni mdomo wazi wa kunywea maji. Kabari inafuata nyuzi. Gogo linapasuka pale linapotaka lenyewe, na maji ya mvua yanateleza juu yake yakaenda zake. Mjomba alikuwa akisema mbao ya kupasua ina ngozi, mbao ya msumeno iko uchi. Nilidhani ni maneno ya uvivu wa kununua msumeno.

Mzee wa Kabari:

Vijana hamjambo. Mjomba wako alikuwa fundi. Sisi tulipasua mikoko hivyo hivyo, na kukata mti tulingoja mwezi uanze kufa. Wazee walituambia ukikata mwezi ukiwa mchanga, boriti inaliwa na dumuzi hata kabla hujapaua.

Nieleze, magogo yanashikanaje? Ukisimamisha miti mibichi bega kwa bega, ikikauka inasinyaa, upepo unapita kati. Nimeona nyumba za namna hiyo, unalala na mwanga wa mbalamwezi usoni.

Randa Kavu:

Shikamoo mzee. Hilo ndilo nililokwenda kulitafuta. Kila gogo limechimbwa mfereji mwembamba pembeni, kuume na kushoto, kutoka juu hadi chini. Kati ya gogo na gogo wamepenyeza ulimi wa mbao ya mwaloni, nusu uko kwa huyu na nusu kwa yule. Magogo yakisinyaa yanaachana kidogo, lakini ulimi unabaki umeziba pengo. Upepo haupiti, mvua haipiti. Leo sisi tunanunua mbao za dari zilizokatwa ulimi na mfereji kwa mashine tukidhani ni ujanja wa kiwandani.

Juu, vichwa vya magogo vimeshikwa na mwamba uliolala juu yake, na vigingi. Chini ndiko kwenye hadithi ndefu, nitafika.

Mzee wa Kabari:

Marahaba. Ulimi katikati. Basi walikuwa mafundi.

Nondo Kumi na Mbili:

Mie mjenzi wa zege, nipeni heshima yangu kidogo 😂 Umri wamejuaje? Isije ikawa kama yale ya "mbuyu huu alifungwa mtumwa fulani" na hakuna aliyekuwepo.

Randa Kavu:

Umegusa penyewe. Kwa muda mrefu waliambiana kanisa ni la mwaka 845. Vitabu vya wageni viliandika, vibao viliandika. Mwaka 1995 wakaja wanaohesabu pete za miti. Kila mwaka mti unaweka pete moja, mwaka wa mvua pete nene, mwaka wa ukame pete nyembamba, na mpangilio huo ukiulinganisha na wa miti mingine ya eneo hilo unajua mwaka. Pete ya mwisho waliyoweza kuisoma ilikuwa ya mwaka 1053. Sehemu nyeupe ya nje ya mti ilikuwa imeshapotea, ikabidi wakadirie pete zilizokosekana, na hapo unaangukia kati ya miaka ya 1060 na mwanzo wa miaka ya 1100. Yaani kanisa lilipunguziwa karne mbili asubuhi moja.

Kwa hiyo aliyesimamisha ule ukuta huenda aliishi Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoivamia Uingereza mwaka 1066. Wanormani hao walikuwa wapenzi wa mawe, kila walipokwenda walijenga kwa mawe. Huku kijijini bado watu walikuwa wanachonga magogo kama babu zao.

Na kabla yake palikuwa na jengo jingine. Mwaka 1960 walichimba chini ya sakafu upande wa altare wakakuta dalili za majengo mawili ya mbao yaliyotangulia, ambayo waliyaweka karne ya 6 na ya 7. Mahali pale watu wamesali muda mrefu kuliko ukuta wenyewe.

Hata hivyo wenyeji hawajapoteza sifa. Bado linatajwa kuwa kanisa la mbao kongwe kuliko yote duniani ambalo bado limesimama. Wanorwei wana lao la Urnes, la karibu mwaka 1130, lenye michongo ambayo Greensted haiwezi hata kuiota. Lakini Greensted ni kaka mkubwa.

Bisha Hodi:

Sasa ndani mwanga ulitoka wapi? Umesema kuta ni kimo cha mtu, magogo yameshikana, madirisha sijasikia.

Randa Kavu:

Hayakuwepo! Hapo mwanzo inaonekana hakukuwa na dirisha hata moja, matundu madogo tu ukutani. Watu walisali kwenye giza la taa za mafuta na mishumaa, chini ya paa la nyasi. Jaribu kupiga picha hiyo kichwani: msimu wa baridi, saa kumi alasiri huku jua limeshazama, wakulima arobaini wamejibana ndani ya chumba cha mita 9, wananuka kondoo, na padre anasoma Kilatini ambacho hakuna anayekielewa. Nilikaa kwenye benchi la nyuma nikafumba macho nikaisikia.

Madirisha ya sasa yako kwenye paa, yametokeza kama vibanda vidogo juu ya vigae. Waliyaanza zama za matofali, karibu mwaka 1500 hivi, wakati sehemu ya altare ilipojengwa upya kwa matofali na nyasi za paa zikapisha vigae. Chini ya matofali hayo ukiinama unaona mawe ya gumegume ya msingi wa Wanormani. Kwa hiyo nao walifika hatimaye na mawe yao, lakini waliishia kwenye altare. Ukuta wa waumini hawakuugusa.

Upande wa kaskazini kuna kitundu ukutani. Wageni huambiwa kilikuwa cha wakoma, walisimama nje wakachungulia ibada. Hadithi tamu, inatoa machozi. Waliochunguza wanaona ilikuwa tu mahali pa kuwekea maji ya baraka karibu na mlango wa zamani. Nimegundua kila kanisa kongwe lina kitundu kimoja ambacho watu wamekitungia kisa.

Mwana wa Mwambao:

Kweli kabisa. Unguja, Kanisa la Mkunazini, lile lililojengwa penye soko la watumwa lililofungwa 1873, wanaotembeza wageni wanakuonyesha nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini. Wanasema Askofu Steere alikuwa safarini, mafundi wakazipachika kinyume, alivyorudi akaziacha hivyo hivyo. Mimi hupenda kisa hicho kuliko mahubiri. Tena Steere huyo huyo ndiye aliyeezeka kanisa lile kwa tao la vipande vya matumbawe na saruji, watu wakimwambia litaporomoka. Lipo mpaka leo.

Endelea kaka. Jengo bila watu ni ghala.

Randa Kavu:

Watu wapo, tena wa kila namna.

Wa kwanza ni maiti. Edmund, mfalme wa sehemu ya mashariki ya Uingereza, aliuawa na Wadenmaki mwaka 869. Masimulizi yanasema walimkata kichwa wakakitupa msituni, na wafuasi wake walipokwenda kukitafuta walikikuta kinalindwa na mbwa mwitu. Akawa mtakatifu. Mwaka 1010 Wadenmaki waliporudi, mwili wake ulikimbizwa London, na mwaka 1013 ukarudishwa mahali pake, mji ambao sasa unaitwa Bury St Edmunds. Njiani, inasemekana, msafara ulilala karibu na Ongar na mwili ukawekwa kwenye kanisa dogo la mbao. Ndani ya Greensted, kwenye boriti ya paa, kuna mchongo wa yule mbwa mwitu na kichwa.

Sasa piga hesabu. Msafara 1013, magogo yalikatwa baada ya 1060. Kwa hiyo kama Edmund alilala Greensted, alilala kwenye kanisa lililotangulia, si kwenye magogo haya. Kipimo cha 1995 kiliwaharibia watu hadithi, na nimeona wengine wanaendelea kuisimulia kana kwamba hakuna aliyepima kitu.

Nondo Kumi na Mbili:

Ukweli haujawahi kushinda kijitabu cha wageni.

Randa Kavu:

😂 Wa pili ni wafungwa. Hawa waliishi, wana tarehe na majina, na ndio walionifanya nirudi tena Jumapili yake.

Mwaka 1834, kijiji cha Tolpuddle, kusini-magharibi ya Uingereza, vibarua sita wa mashambani waliungana kudai ujira usishushwe. Ulikuwa umeshuka hadi shilingi 7 kwa wiki na tajiri alitaka kuufikisha 6. Chama chenyewe hakikuwa kosa kisheria. Wakawakamata kwa kosa la kuapishana kiapo cha siri. Miaka saba, tena si jela ya nyumbani, walisafirishwa Australia kwenye kazi ngumu. Nchi nzima ikapiga kelele, maandamano London, na mwaka 1836 wakasamehewa.

Walioshika bango lao wakachanga fedha wakawakodia mashamba. Wapi? Essex. Moja la mashamba hayo lilikuwa Greensted. Wakaja George Loveless na nduguye James, Thomas Standfield na mwanawe John, na kijana James Brine. Hammett, wa sita, mwishowe alirudi kwao Tolpuddle. Mwaka 1839 James Brine akamuoa Elizabeth, binti wa Thomas Standfield, ndani ya kanisa hili la magogo. Fikiria umerudi kutoka utumwani ng'ambo ya dunia, unasimama pale mbele ya altare ya matofali, nyuma yako ule ukuta.

Kasisi wa wakati huo, Philip Ray, hakufurahia kuwa nao. Kwake walikuwa wachochezi, na matajiri wa eneo lile nao hawakuwapenda. Miaka ya 1840 wale watano na familia zao wakahamia Kanada, karibu na mji wa London wa kule Ontario.

Shikeni jina la Philip Ray, linarudi.

Alto wa Pili:

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye daladala, nimepitilizwa kituo. Kaka Randa, umenikumbusha kidonda.

Kigango chetu, sitakitaja, kilikuwa na kanisa walilojenga mabibi na mababu zetu. Miti, fito, udongo, bati juu. Bibi yangu alisomba udongo na maji akiwa na mimba ya mama. Dirisha la upande wa kwaya lilikuwa na kioo kimoja cha rangi, sijui kilitoka wapi, asubuhi kilitupa doa jekundu kwenye daftari la nyimbo. Tulipopandishwa kuwa parokia, kamati ikaona haya, parokia gani hii ina kanisa la udongo. Likabomolewa siku mbili. Wakaanza kubwa la watu elfu moja. Huu mwaka wa tisa, limefika lenta, ndani imeota michongoma, tunasali chini ya turubai. Kile kioo nilikitafuta kwenye kifusi sikukiona.

Hao wa Greensted waliwezaje kutolibomoa miaka yote hiyo? Walijua thamani yake?

Randa Kavu:

Dada, pole sana. Hilo la kioo limenigusa.

Swali lako nimelibeba siku tatu kabla ya kujibu. Sidhani walijua thamani yake. Nadhani hawakuwa na fedha. Greensted kilikuwa kijiji kidogo na kikabaki kidogo. Mji ulikua Ongar, njia kubwa ikapita Ongar, soko likawa Ongar. Penye fedha, kanisa la mbao lilivunjwa likajengwa la mawe, na la mawe likavunjwa likajengwa kubwa zaidi. Uingereza ya kale ilijaa makanisa ya mbao, na kwa ukuta wa namna hii limebaki hili moja. Huku kila kizazi kilipata fedha ya kiraka kimoja tu. Wa 1500 walipata ya altare. Wengine walipata ya mnara, na kengele yake moja imeandikwa "William Land made me 1618", yaani kengele yenyewe inamtaja aliyeiunda. Fedha za kuvunja ukuta hazikupatikana, Mungu ashukuriwe.

Ningekuwa mjumbe wa kamati yenu ningepiga kura ya lile la udongo libaki, kubwa lijengwe pembeni. Lakini ni rahisi kusema nikiwa huku.

Alto wa Pili:

Kuna mzee alisema hivyo hivyo. Wakamwambia anarudisha maendeleo nyuma.

Bisha Hodi:

Jamani mimi nabisha ndiyo kazi yangu. Paa si la zamani, altare ya 1500, mnara wa baadaye, madirisha ya baadaye, na mkuu amesema "chini kuna hadithi ndefu". Nimegugo. Mwaka 1848 lilikarabatiwa lote, magogo yakatolewa yakarudishwa. Hilo ni kanisa la 1848 lililovaa koti la babu.

Randa Kavu:

Nilikuwa nakusubiri 😂

Ni kweli, 1848. Na aliyesimamia ni nani? Yule yule kasisi Philip Ray, na sasa utaelewa kwa nini nilisema jina linarudi. Mtu aliyewakunjia uso wale vibarua ndiye aliyeuokoa ukuta wa kanisa ambamo mwenzao alifunga ndoa. Binadamu hatoshei kwenye kibao kimoja.

Magogo yalikuwa yamekaa karibu mno na udongo. Miaka mia nane ya unyevu, miguu imeoza. Kichwa kizima, kiuno kizima, mguu uji. Fundi yeyote wa zama zile, zama za mvuke na viwanda, angesema ng'oa chote, weka matofali. Hawa walikata miguu iliyooza peke yake. Wakajenga ukuta mfupi wa matofali, juu yake wakalaza boriti mpya ya mwaloni, na magogo yakasimama juu ya boriti hiyo, mbali na udongo. Ukienda leo unauona ule mstari: matofali, boriti iliyolala, halafu wazee wamesimama juu yake. Paa nalo likafanywa upya, na vidirisha vyake, ndiyo. Walipenda mapambo kidogo, yale madirisha ya juu mimi nayaona yamezidi.

Lakini magogo ni yale yale. Pete za 1995 zilisomwa kwenye magogo, hazikusomwa kwenye koti. Mtu aliyekatwa mguu akawekewa wa mbao ni yule yule, na watoto wake bado wanamwita baba.

Bisha Hodi:

Hapo umenishika. Ila paa silikubali.

Randa Kavu:

Paa tumekusamehe.

Nondo Kumi na Mbili:

Mie mtu wa zege lakini hiyo kazi ya 1848 ni ya heshima. Kukata mguu wa nguzo na kuisimamisha tena si mchezo. Ukikosea egemeo, jengo zima linakukalia.

Kitunguu Maji:

Wakuu samahani, mimi nilikuja kwa ajili ya picha lakini nimepata swali la kweli. Kigango cha kwetu, Handeni ndani ndani huko, kina kanisa dogo la nguzo na bati. Nguzo za pembeni sita, wanasema mkongo. Zimeanza kuyumba. Mwenyekiti wa kigango ambaye ni baba yangu mdogo anataka kuzing'oa zote, waweke za mkaratusi. Wamepaka mafuta machafu ya injini chini miaka mingi. Nimemwambia asubiri kuna fundi namuuliza.

Randa Kavu:

Mwambie asubiri kweli. Mkongo ung'olewe uwekwe mkaratusi? Hapana.

Kwanza mjue ugonjwa umefika wapi. Chimbueni udongo kuzunguka kila nguzo, kina cha shubiri mbili. Chukua nyundo, gonga kuanzia chini kupanda juu. Mbao nzima inalia, mbovu inasema "pu". Halafu chukua bisibisi sukuma. Pale inapozama kama kwenye muhogo uliochemka ni mgonjwa, pale inapogoma ni mzima. Wekeni alama ya chaki shubiri moja juu ya mpaka huo.

Kama uozo uko mguuni tu, usiguse nguzo yoyote kabla hujaegemeza paa. Miti miwili imara kila upande, imekanyaga ubao mpana isizame, na juu imeshika mwamba, si bati. Nguzo moja moja. Ikishakamilika na kukauka ndipo mguse ya pili. Mkikata miguu sita kwa mkupuo mtazikwa na kanisa lenu.

Nondo Kumi na Mbili:

Hapo chini nipeni mimi. Chimbeni mpaka udongo mgumu, mwageni zege, ipande juu ya ardhi angalau sentimita 30 ili maji ya mvua yanaporuka yasifike kwenye mbao. Juu mteremko kidogo maji yasituame. Kati ya zege na mbao wekeni kipande cha lami au nailoni nzito, la sivyo zege itanyonya unyevu iipe nguzo.

Mzee wa Kabari:

Na mkikata, msumeno ulale sawa. Mguu ukikaa upande mmoja tu, nguzo itapasuka. Tena zibeni njia ya mchwa, chungulieni kila mwezi mkiona kijia cha udongo kinapanda mkivunje. Mafuta ya injini yanamkawiza tu.

Kitunguu Maji:

Asanteni sana wazee wangu. Nimempigia baba mdogo hapa nikamsomea yote, akaniambia nisome tena taratibu ameshika kalamu.

Alto wa Pili:

Kitunguu, muulizeni kama kuna kioo cha rangi.

Kitunguu Maji:

Dada, hakuna kioo, kuna matundu ya matofali tu.

Taarifa wakuu, siku nne baadaye. Wamegonga nguzo zote. Tano zimeoza mguuni, haizidi shubiri moja na nusu. Ya sita, ile ya upande wa altare, inalia mpaka chini. Wanaanza Jumatatu, saruji mifuko miwili imepatikana, na msumeno tunaazima kwa jirani Mwislamu ambaye amesema atakuja nao mwenyewe, hamwamini baba mdogo na meno ya msumeno wake.